Meno ya Papa Katika Kijito

Katika wilaya ya Monmouth, jimbo la New Jersey huko Marekani, kipo kijito kiitwacho Big Brook. Mtu apitaye darajani bila habari huwaona watu wazima wameinama majini wakichekecha changarawe, akadhani wamepotewa na pete. Kumbe watafuta meno ya papa waliokufa zamani mno.

Papa hana mifupa. Kiunzi chake ni gegedu, nalo huoza upesi. Walakini meno yake ni magumu, naye hung'oka maelfu maishani mwake, maana moja litokapo jingine hushika mahali pake. Yapata miaka milioni 70 iliyopita nchi hiyo ilifunikwa na bahari, na meno yakazama topeni. Sasa kila mvua kubwa inyeshapo, kijito hula kingo zake na kuyafichua, pamoja na makombe ya chaza. Kwa nadra sana hupatikana jino la mosasauri, mnyama mkubwa wa baharini aliyekuwa na udugu na kenge.

Zamani watu wengi wa Ulaya waliyadhania mawe haya kuwa ndimi za nyoka. Mwaka 1666 papa mkubwa alivuliwa karibu na Livorno, Italia, na kichwa chake kikapelekwa kwa tabibu Nicolaus Steno. Aliyatazama meno yale, akayalinganisha na zile "ndimi", na mwaka 1667 akaandika jinsi yalivyofanana.

Huko Big Brook mtu haruhusiwi kuchukua zaidi ya vitu vitano kwa siku. Chekecheo lisizidi inchi 18, wala mwiko inchi 6, na kuchimba kingo ni marufuku. Ni amri ya haki, kwani kingo zikibomolewa hazirudi, lakini yauma.

Mvulana mmoja alikuwa na matano mfukoni alipoliona la sita, jeusi, zima, refu kuliko yote. Hapakuwa na askari wala mlinzi. Baba yake alimtazama tu, asiseme neno. Mtoto akayapanga yote juu ya jiwe, akayageuza-geuza kwa muda mrefu, kisha akalitupa majini lile lililovunjika ncha. Akauliza kama mvua itanyesha usiku.