Ukingo wa Spika

Watu wengi wakiisifu spika husifu ukubwa wa kasha lake au uzito wa sumaku yake, na ni nadra mno kumsikia mtu akiusifu ukingo, yaani ule utepe mwembamba uizungukao koni na kuishikamanisha na fremu ya chuma. Mimi niliyekulia Kabanga, katika pembe ile ya wilaya ya Ngara ambako barabara hufika mpakani na kuvuka kwenda Kobero katika nchi ya Burundi, nimeuona ukingo huo ukibadilika kutoka karatasi hadi kitambaa, kutoka kitambaa hadi sponji, na kutoka sponji hadi mpira, na nimeyakinisha kwamba huo ndio aghalabu uamuao umri wa spika, sumaku ikiwa bado nzima na koili haina dhara lolote.

Ukingo huiruhusu koni kwenda mbele na kurudi nyuma bila kuyumba, ikisaidiwa na spaida, yaani kitambaa cha mikunjo kilicho nyuma yake. Huziba hewa ya ndani ya kasha isichanganyike na ya nje. Na, jambo ambalo wengi hawalidhanii, huyameza mawimbi yanayosafiri juu ya koni kutoka katikati, yasije yakafika pembeni yakarudi na kuichafua sauti. Ukiwa mgumu mno, sauti nzito haitoki; ukiwa laini mno, koni hukosa wa kuizuia. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo walipohangaika mafundi wa ulimwengu tangu Chester Rice na Edward Kellogg, wa kampuni ya General Electric ya Marekani, walipoutangaza mwaka 1925 muundo wa spika ambao kwa asili yake haujabadilika hata leo.

Redio ya kwanza niliyoijua ilikuwa ya betri kavu, na ukingo wa spika yake haukuwa kitu kingine ila karatasi ile ile ya koni, iliyokunjwa mikunjo midogo midogo pembeni kabla ya kugundishwa kwenye fremu. Ukingo wa namna hiyo ni mgumu, kwa hiyo besi yake ni hafifu. Lakini koni ni nyepesi, na nguvu kidogo sana yatosha kuitikisa, nayo ilikuwa fadhila kubwa kwa nyumba zisizo na umeme, ambamo betri zilipochoka zilianikwa juani ili zipate uhai kidogo zaidi. Redio Tanzania Dar es Salaam ilitufikia kwa masafa mafupi, mara ikipanda, mara ikizama, na tulipoisikiliza Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe au NUTA Jazz, gitaa la besi tulilikisia zaidi kuliko kulisikia. Hatukuona upungufu, maadamu hatukuwa tumepata kusikia kilicho bora kuliko hicho.

Besi ya kweli niliisikia kwa mara ya kwanza Biharamulo, nilipokuwa kijana, katika ukumbi wa dansi, na fundi aliyevitunza vyombo vile alikuwa mkarimu kiasi cha kunifungulia kasha nitazame. Ukingo wa spika zile ulikuwa wa kitambaa kilichokunjwa na kupakwa utomvu mweusi usiokauka, ambao huziba matundu ya nyuzi na kuutuliza mtetemo. Naye alinigusisha kidole nione kwamba, ingawa spika zilikuwa kuukuu, utomvu bado ulinata. Sijaona hadi leo ukingo wenye subira kama huo, na si ajabu kwamba spika za bendi na za kumbi bado hutengenezwa hivyo, kwa kuwa kitambaa hustahimili kishindo cha kila usiku na hakiionei haya mvua wala vumbi.

Mabadiliko makubwa yalianzia mbali nasi. Mwaka 1954 Edgar Villchur, mwalimu aliyekuwa akifundisha New York, alianzisha pamoja na Henry Kloss kampuni ya Acoustic Research huko Massachusetts, akatoa spika ambayo hewa iliyofungwa ndani ya kasha lisilovuja ndiyo iliyokuwa springi ya kuirudisha koni. Maadamu hewa imeichukua kazi hiyo, ukingo haukuhitaji tena ugumu, bali ulaini, na kasha dogo likaweza kutoa sauti nzito ambayo zamani ilihitaji kabati zima. Ila lilidai amplifaya yenye nguvu nyingi. Kitambaa kilitumika kwanza, kisha katika miaka ya 1970 sponji ya polyurethani ikaenea, kwa kuwa ni nyepesi, ni laini, na ni rahisi kuiumba. Masikioni ilikuwa neema.

Kwetu sponji ilifika kwa redio kaseti kubwa, kisha kwa seti za muziki zenye makasha ya mbao. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, kambi ya Benaco ikazuka, na Ngara ikajaa magari na majenereta. Msiba ule si jambo la kutajwa kwa wepesi, na naugusa hapa kwa sababu moja tu, kwamba mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Ngara kituo cha Radio Kwizera, ili watu waliotawanyika wapate habari na wapate kutafutana. Na sauti yake ya FM, safi na ya karibu, ilituonyesha kwa mara ya kwanza jinsi spika zetu zilivyokuwa na deni kwetu.

Basi watu wakanunua spika za sponji, na baada ya miaka wakaanza kuzitupa. Sponji ya aina ile, iliyo ya poliesta, huvunjwa polepole na unyevu wa hewani, na jua na ozoni huzidisha. Na nyanda zetu za juu hunyeshewa sehemu kubwa ya mwaka. Haijalishi kama spika imepigwa kila siku au imekaa kimya chini ya kitambaa cha kutarizi: baina ya miaka kumi na ishirini ukingo hulegea, hunata, kisha huwa chengachenga zinazoanguka kwa pumzi ya mtu. Koni ikikosa mshikio hupinda, koili ikakwaruza sumaku, na mwenye nyumba husema spika imekufa, ilhali kilichokufa ni utepe wa thamani ndogo kuliko vyote vilivyomo.

Hapo ndipo nilipojua heshima ya fundi. Mmoja wa jirani na soko letu, kabla kingo mpya hazijapatikana madukani, alijaribu mpira wa tyubu ya baiskeli, akauona mnene mno, sauti ikakakamaa. Akarudi kwenye kitambaa chepesi alichokipaka gundi ya mpira iliyozimuliwa, nacho kikafaa. Kazi yenyewe haitaki haraka. Alikwangua sponji ya zamani kwa wembe na spiriti hadi karatasi ikawa safi. Akakikata kifuniko cha katikati, akapenyeza vipande vyembamba vya picha ya eksrei baina ya koili na sumaku ili koili isimame wima. Akagundisha ukingo kwanza kwenye koni, kisha kwenye fremu, akauacha ulale hadi kesho yake. Ndipo akavichomoa vile vipande na kukirudisha kifuniko. Wenye haraka huiruka hatua ya eksrei, na spika zao hukwaruza tangu siku ya kwanza.

Siku hizi sabufa nyingi zina ukingo wa mpira, na ule ulio bora ni wa butyl, mpira uliobuniwa Marekani mwaka 1937, ambao pia ndio wa tyubu za magari kwa sababu hauachii hewa na haudhuriki upesi kwa maji wala ozoni. Ni mzito kuliko sponji, hivyo huila nguvu kidogo ya amplifaya. Lakini umeme umekwisha kufika, na mtambo wa Rusumo wenye megawati 80, unaogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi, umeiondoa ile hofu yetu ya zamani ya kuhesabu betri. Kwa rai yangu mpira ndio ufaao nyumbani, kitambaa ndicho kifaacho ukumbini, na sponji ni ya mtu aliye tayari kuibadilisha wakati wake ukifika.

Nawaomba wenye spika za wazazi wao zilizotupwa stoo wasiziuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla ya kuzipima. Iweke spika chali, weka vidole vya mikono miwili pande zote za koni kwa usawa, uisukume taratibu. Ikishuka na kupanda bila mkwaruzo, koili haijaumia, na pengine kilichobaki ni ukingo tu: mpelekee fundi.