Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa: kutafuta gari ya arusi



Barabara ya Lubumbashi kwenda Kasumbalesa ina karibu kilometa 90. Ni lami, lakini usidhani utafika kwa saa moja. Malori marefu yaliyobeba mabamba ya shaba yanafuatana kama siafu, yote yanaelekea mpaka wa Zambia. Pembeni mwa njia unaona msitu wa miombo, vichuguu virefu kuliko mtu, na mifuko ya makala iliyopangwa ikingoja wanunuzi. Wakati wa ukavu, vumbi nyekundu inafunika majani mpaka rangi yake inapotea.

Tulipita njia ile juu ya gari. Kikundi chetu kina wamama 20. Kila mmoja alitoa dola 5 kila juma, kwa majuma 60, bila kuruka hata mwezi wa kulipa masomo ya watoto. Jumla ni dola 6,000. Tulitaka gari ya heshima, ya milango minne, ya kukodisha kwa arusi kila siku ya Posho. Siku zingine ibebe familia kwenye safari. Na usiku ilale kwa mmoja wetu, tayari kupeleka hospitali mama mwenye uchungu wa kuzaa. Katika mtaa wetu, usiku ukiwa mkubwa, kinachobaki ni pikipiki, na ninyi wote munajua mama wa miezi tisa anavyoteseka juu ya pikipiki.

Kasumbalesa iko katika teritware ya Sakania. Ng'ambo ya mpaka ni Chililabombwe ya Zambia. Wazambia wanaendesha upande wa kushoto, sisi upande wa kuume, na hapo mpakani ndipo magari yanabadilisha upande. Pesa pia zinachanganyika: franga, kwacha na dola zinahesabiwa juu ya meza moja. Wamama wanauza bukari na samaki kwa mashofere ambao wamengoja karatasi siku nyingi.

Gari nyingi za pale zimefanya safari ndefu kuliko sisi wote. Zinatoka Japani kwa meli, zinashuka Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Nakonde, kisha zinavuka Zambia mpaka kwetu. Kwa hiyo usukani wake uko kuume. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya zina usukani kushoto, kama sheria ya njia yetu inavyotaka. Kwa mama hiyo si jambo dogo. Ukipanda mbele katika gari yenye usukani kuume, mlango wako unafunguka katikati ya barabara. Watoto wafundishwe kushuka kwa mlango wa kuume peke yake.

Mahali pa kwanza tulionyeshwa Mercedes nyeusi ya mwaka 2004, yenye viti vya ngozi. Iling'aa mpaka tukajiona usoni. Saa ya kilometa ilisoma 88,000. Muuzaji alitaka dola 5,900. Dada mmoja alikwisha kuiona na maua juu ya kapo. Fundi wetu, kijana tuliyemlipa kwa siku nzima, hakusema kitu. Aliweka mkono juu ya kapo. Ilikuwa moto, hali tuliambiwa kwamba gari haijawashwa tangu jana. Motere iliyopashwa moto mbele ya mnunuzi kufika inaweza kuficha mengi: moshi wa asubuhi, sauti ya vyuma, ugumu wa kuwaka.

Kisha akainama na kutazama pedali. Mpira wa pedali ya freni ulikuwa umeisha mpaka chuma inaonekana. Ngozi ya usukani ilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Gari ya kilometa 88,000 haichakai namna ile. Tena fundi akaeleza kwamba Mercedes za aina ile, zilizotoka 2002 mpaka 2006, zilikuwa na freni zinazoongozwa na elektroniki. Kiwanda chenyewe kiliziita magari hayo kwa matengenezo 2004 na 2005, kisha kikaacha freni hizo 2006. Aliuliza kama kuna karatasi ya kuonyesha kazi ile ilifanyika. Hakukuwa. Tulishukuru, tukaondoka. Njia ya kurudi hakuna aliyesema sana. Dola 6,000 zilikuwa bado katika sanduku, lakini na gari pia hatukuwa nayo.

Hapa niseme neno juu ya kilometa, sababu ndizo zinatuogopesha sana. Shofere mmoja wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliendesha Mercedes 240D ya mwaka 1976 mpaka kilometa milioni 4.6. Mwaka 2004 aliikabidhi kwa jumba la makumbusho la Mercedes kule Ujerumani. Motere haikuwa ileile tangu mwanzo mpaka mwisho, ilibadilishwa. Lakini alijua wakati wa kuibadilisha, na alijua gari yake ilikula nini. Kilometa nyingi zinazojulikana ni afadhali kuliko kilometa kidogo zilizoandikwa na mwongo.

Kwa gari za Japani kuna njia ya kuchunguza. Kule gari ndogo ya familia inakaguliwa na serikali ikifikisha miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kilometa zinaandikwa. Kwa hiyo usikubali kusoma saa ya gari tu. Omba karatasi za kutoka Japani, ulinganishe. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, herufi R kwenye nafasi ya alama inamaanisha gari ilikwisha kugongwa na kutengenezwa.

Majuma matatu baadaye, gari yetu tuliipata Lubumbashi kwenyewe, katika komini ya Kampemba, kwa mwalimu mmoja mzee aliyekuwa anajitayarisha kuhamia kwa watoto wake. Ilikuwa Toyota Crown nyeupe ya mwaka 2001, usukani kuume, kilometa 231,000. Wamama wawili waliposikia hesabu ile walitaka kurudi nyumbani. Ndipo mzee akaleta daftari ya shule yenye jalada la bluu. Kila ukurasa uliandikwa tarehe, kilometa, na kazi iliyofanywa. Mafuta ya motere kila kilometa 5,000. Chujio cha hewa mara kwa mara wakati wa vumbi. Mkanda wa ndani wa motere, ambao katika gari ile unabadilishwa kila kilometa 100,000 hivi, ulibadilishwa mara mbili, mbele ya wakati wake.

Tulirudi kesho yake saa kumi na mbili ya asubuhi, motere ikiwa baridi. Iliwaka mara moja. Fundi alisimama nyuma: moshi wa bluu ungesema motere inakula mafuta yake, moshi mweupe usiokwisha ungesema maji yanaingia ndani, moshi mweusi ungesema esansi haiungui vizuri. Hakuona hata mmoja. Alifungua kifuniko cha mafuta kutafuta povu la rangi ya maziwa, ambalo ni dalili ya maji. Akachomoa kijiti cha mafuta ya buati ya vitesi: yalikuwa mekundu, bila harufu ya kuungua. Akalinganisha namba ya shasi na ile ya karatasi ya pinki. Akasoma tarakimu nne juu ya tairi, mbili za juma na mbili za mwaka, akatuambia kwamba tairi mbili zimezeeka. Amotisere za mbele pia zilikuwa zimechoka, kama zote zinavyochoka kwa mashimo yetu ya wakati wa mvua.

Mzee aliomba dola 5,200. Tulimwonyesha tairi na amotisere, tukasikilizana kwa 4,700. Pesa zililipwa mbele ya mashahidi wawili, na barua ya mauzo ikatiwa sahihi na kila upande. Dola 1,300 zilizobaki ndizo zilitupa amani. Tulinunua tairi mbili na amotisere, tukalipa kubadilisha karatasi na asiransi, na zilizosalia ziko katika sanduku la gari, ambalo halikopeshwi kwa mtu.

Kwa vikundi vinavyofikiri kufanya kama sisi, haya ndiyo tumeyaandika katika kitabu cha mikutano:

Musipeleke pesa zote katika bei ya gari. Wekeni kando angalau moja kwa tano kwa matengenezo ya kwanza.

Fundi awe wenu, alipwe na ninyi, wala asiwe rafiki wa muuzaji.

Gari ionwe asubuhi, ikiwa baridi, na isinunuliwe siku ileile.

Kama karatasi za DGDA hazionekani, gari haionekani.

Daftari ya gari iendelee. Kwetu inaandikwa na mama karani, na shofere hapewi ufunguo kama hajaandika kilometa za jana.

Tangu mwezi wa tano Crown yetu imebeba maarusi kumi na mmoja, na mara tatu imetoka usiku kupeleka mama hospitali. Mtoto mmoja wa kike nusura azaliwe juu ya kiti cha nyuma. Mama yake anasema hatalipa kufua kiti, sababu na yeye ni mwanachama. Jambo hilo tutalizungumza siku ya Pili, saa tisa, mahali petu pa kila juma.