Fremu ya Droni na Mfuko wa Damu

Nchini kwetu Rwanda, droni si jambo la sinema. Tangu Oktoba 2016, ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zimekuwa zikiruka kutoka Muhanga kupeleka damu hospitalini na kuidondosha kwa parachuti ndogo. Watu huzisifu kwa mwendo wake na kompyuta zake. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo, huvutiwa zaidi na fremu, yaani mifupa ya droni.

Muhula uliopita tulipewa kazi ya kusanifu fremu ya droni yenye rafadha nne. Kila mkono wake ni kama tawi: upande mmoja umeshikwa na shina, upande wa pili uko huru na umebeba mota. Mota ikivuta juu kwa nguvu ya nyutoni 10, na mkono ukiwa na urefu wa sentimita 25, pale shinani panapatikana mpindo wa nyutoni-mita 2.5. Hapo ndipo mkazo huwa mkubwa kuliko kwingine, na mkono ukivunjika, mara nyingi huvunjikia hapo.

Wenzangu wawili walitaka fimbo ya alumini iliyojaa, yenye kipenyo cha milimita 16. Walisema kitu kizito ndicho imara. Mimi nilitaka bomba la kipenyo hicho hicho, lenye ukuta wa milimita 1. Tukaacha kubishana, tukakokotoa. Mikono minne ya fimbo ina uzito wa takribani gramu 543. Ya bomba, gramu 127 tu. Mkazo katika bomba ulikuwa kama megapaskali 15, ilhali alumini ya aina ya 6061-T6 huvumilia zaidi ya 250 kabla ya kupinda moja kwa moja.

Shangazi yangu ni muuguzi katika kituo cha afya kijijini. Nilipomweleza hesabu hizo, hakuuliza habari za mkazo. Aliuliza, "Sasa mwanangu, hizo gramu mlizopunguza zinabeba nini?" Tofauti ni gramu 416, karibu uzito wa mfuko mmoja wa damu. Kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mfuko huo si tarakimu ya daftarini.

Basi kwa nini tusipunguze zaidi, tukafanya ukuta uwe mwembamba kama karatasi? Kwa sababu ya mtetemo. Mota inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hutikisa mkono mara 100 kwa sekunde. Mkono ukiwa mlegevu hadi mtetemo wake wa asili ukalingana na huo, utatikisika kupita kiasi, vihisi visome vibaya, na skrubu zilegee. Tena kuna kutua kwa kishindo. Kwa hiyo mhandisi hupunguza uzito, lakini huchunga ukakamavu.

Nimefurahi kugundua kwamba haya yote yanasemeka kwa Kiswahili: mkazo, mpindo, mtetemo. Ni maneno ambayo hata shangazi aliyaelewa bila kamusi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika fremu ya droni, gramu na gramu hujaza mfuko wa damu.