Kwa Baiskeli Kwenda Narung'ombe



Qurani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika nchi na kutazama. Wengi wetu hudhani kuwa himizo hilo ni la wenye nauli ya kwendea nchi za mbali. Mimi nataka kuwasimulia safari ya asubuhi moja tu, kwa baiskeli, kutoka mji wa Ruangwa kwenda kata ya Narung'ombe, katika Mkoa wa Lindi. Ndani yake limo kosa langu mwenyewe, nami nalitaja ili vijana wapate kujihadhari nalo.

Tulitoka mwezi wa Julai, mimi na mpwa wangu wa miaka kumi na sita, mara baada ya Sala ya Alfajiri. Tulisoma dua ya kupanda chombo, iliyotokana na aya ya 13 na ya 14 za Sura az-Zukhruf, ambayo humkumbusha mpandaji kwamba chombo hakikumtii kwa uwezo wake, na kwamba marejeo yake ni kwa Mola wake. Julai ni mwezi mwema wa kusafiri upande huu wa kusini. Masika yamekwisha, matope yamekauka, na asubuhi huwa na baridi kidogo inayomfaa mtu atokwaye na jasho.

Tulipoziacha nyumba za mji tulishika njia ya changarawe. Huku na huku ilikuwa mikorosho iliyoanza kutoa maua, na mashamba ya mbaazi, na miganda ya ufuta iliyosimamishwa ikauke; kisha ukafuata msitu wa miombo, na baada yake mashamba tena. Wenyeji wa nchi hii hasa ni Wamwera, na wengi wao ni wakulima. Magari yalikuwa machache mno. Tulisikia shoka likikata mbali, na jogoo wa nyumba tusiyoiona, na mlio wa changarawe chini ya tairi zetu. Mwenye gari hupita katika nchi hii asisikie hata moja katika hayo.

Njia ya namna hii ina elimu yake, nami nilimfundisha mpwa wangu kadiri nijuavyo. Tairi zisijazwe upepo mpaka zikawa ngumu kama jiwe, kwa kuwa tairi ngumu hurukaruka juu ya kokoto na kuzama katika mchanga; zikilegezwa kidogo hushika ardhi vizuri. Penye mchanga usikate kona kwa ghafula. Katika mteremko usibane breki ya mbele peke yake, maana gurudumu la mbele litateleza nawe utaanguka. Penye mawimbi ya barabara inua mwili kidogo katika kiti, magoti na viwiko viwe laini. Tena usisahau maji, pampu, viraka na gundi.

Huenda baadhi yenu mkastaajabu kusikia kwamba watu wa nchi tajiri, wenye lami mpaka milangoni mwao, sasa huiacha lami kwa hiari yao wakatafuta njia kama hizi kwa ajili ya utulivu wake. Huko Emporia, katika jimbo la Kansas, Marekani, mashindano ya baiskeli ya njia za changarawe yalianza mwaka 2006. Mwaka 2021 jirani zetu wa Kenya walianzisha yao katika nchi ya Wamasai, huko Maasai Mara. Mpwa wangu aliposikia hayo alicheka, akasema, "Mjomba, basi babu zetu walikuwa mabingwa bila ya kujua."

Tulipopumzika chini ya mkorosho aliniuliza habari za reli ya Nachingwea, aliyoisikia ikitajwa na wazee. Nikamweleza kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Zililetwa mashine za kung'oa miti, ikajengwa bandari ya Mtwara, ikatandikwa reli. Lakini walikuwa na haraka. Hawakuisoma vya kutosha ardhi wala mvua yake, wala hawakumsikiliza mkulima aliyeijua. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kupotea mamilioni ya pauni. Reli nayo haikupata mizigo ya kuitosha, ikafungwa katika miaka ya 1960. Nikamalizia kwa kumwambia kuwa apitaye kwa haraka bila ya kuwajali wenyeji huishia katika hasara.

Maneno yalikuwa mazuri, lakini hazikupita dakika ishirini nikayasahau. Tulifika kwenye mteremko mrefu, nami nikaziacha breki ili nipate nguvu ya kupandia mlima uliokuwa mbele. Katikati ya mteremko alikuwako mzee akikokota baiskeli yenye gunia juu ya keria. Nilipiga kengele kwa nguvu, nikampita kama mshale, na vumbi letu likamfunika. Kule mlimani mpwa wangu alinifikia akihema, akasema, "Mjomba, yule mzee hatukumsalimu." Nikamjibu, "Tutawasalimu walio mbele." Jibu hilo hata leo linanionea haya.

Hatukuwafikia hao walio mbele. Mwiba ulitoboa tairi langu la nyuma, na nilipofungua kopo la gundi nikaikuta imekauka. Tulikaa kando ya njia kwa muda mrefu, jua likizidi kupanda, mpaka yule mzee akatokea polepole na baiskeli yake.

"Assalaamu alaykum, wanangu."

"Wa alaykum salaam. Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ni mwiba?"

Akaiegemeza baiskeli yake kwenye mti, akatoa gundi na kiraka mfukoni, akaketi chini nasi. Ndipo nilipoliona gunia lake. Lilikuwa limepasuka ubavuni, na mahali palipopasuka pamezibwa kwa kitambaa kilichochanwa katika shuka. Nilimwuliza limepatwa na nini. Alisita kidogo, kisha akasema bila ya kuinua sauti, "Kengele yako niliisikia, mwanangu. Lakini baiskeli yenye mzigo haina pa kukimbilia." Alikuwa amejisukuma kando kutupisha, baiskeli ikamlemea ikaanguka, na ufuta ukamwagika. Nanyi mnajua ufuta ulivyo mdogo. Ukimwagika mchangani hauokoteki.

Nilimwomba radhi, akasema amekwisha kunisamehe. Nilipotaka kumlipa alikataa katakata, nami nikaona jambo limekwisha. Lakini mpwa wangu alininong'oneza, "Mjomba, kusamehe ni kwake, na kulipa ni kwetu." Kijana alisema kweli. Mali ya mtu ukiiharibu, ijapokuwa hukukusudia, sheria yetu inakudai uilipe mpaka mwenyewe aiache kwa radhi yake. Na mzee yule nilijua anakataa kwa haya tu. Basi tulilihamishia gunia kwenye baiskeli ya kijana, tukafuatana naye taratibu mpaka ghalani. Huko nilimsihi tena, tukakadiria kilichopotea kwa bei ya siku ile, akapokea. Kisha tukasali Adhuhuri pamoja naye.

Ndugu zangu, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha kuwa aliyepanda ndiye amsalimuye aendaye kwa miguu. Baadhi ya wanavyuoni wameeleza hekima yake, kwamba aliyepanda yuko juu, na salamu humwepusha na kiburi. Nilikuwa nikiijua Hadithi hiyo tangu chuoni, nami nilidhani ni ya wenye farasi na ngamia. Siku ile niliona kuwa ni ya mwenye baiskeli, na zaidi ya mwenye pikipiki na gari. Huwezi kumsalimu mtu kwa wema ila upunguze mwendo. Na lau ningalipunguza mwendo nikamsalimu yule mzee, ufuta wake usingalimwagika.

Basi wazazi, wapeni vijana baiskeli zao waende wakaione nchi yao katika njia hizi tulivu, na pamoja na pampu na viraka wafungieni na adabu hii. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wale watembeao juu ya ardhi kwa unyenyekevu. Amin.