Kaka Alipoanza Kuteka Maji Usiku

Imepita miaka zaidi ya 20 tangu haya yatokee. Tulikuwa Wanyamulenge, Watutsi wa Kongo, kutoka Uvira, tukapangiwa kuishi Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, mahali palipokuwa gereza enzi za rais Kamuzu Banda kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Majirani zetu walikuwa Wakongo wenzetu, Warundi na Wanyarwanda, na wengi wao walikimbia vita kama sisi.

Mateso yalikuwa bombani. Ukipanga dumu kwenye foleni, wa nyuma yako anakutazama pua, kisha anauliza: "Ninyi mtarudi lini kwenu Rwanda?" Babu yangu alizaliwa Itombwe, Kongo, na akazikwa Itombwe. Dumu la kaka yangu lilisogezwa nyuma, likasogezwa tena, mpaka jua linazama hajateka. Alikuwa na miaka 16.

Agosti 2004 redio ikaleta habari za Gatumba. Usiku wa tarehe 13, katika kambi ya wakimbizi huko Burundi, watu zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Wanyamulenge, watoto wakiwemo. Baba alizima redio. Siku iliyofuata, bombani, kijana mmoja alimtazama kaka usoni akacheka.

Tangu hapo kaka akawa anateka maji usiku wa manane. Alivaa kofia hata ndani ya nyumba, ameivuta mpaka kwenye nyusi. Shule akaiacha akisema tumbo linamuuma, na lilimuuma kweli. Hakulala. Kanisani wakasema ana pepo, wakafunga na kumwombea. Maombi yalimfariji, sikatai, lakini hakuna aliyemuuliza ameambiwa nini kule bombani. Hata makanisa yenyewe yaligawanyika kikabila, kila kundi na lake, na wote tukimwomba Mungu mmoja.

Baba akamtuma Lilongwe, mwendo wa kilomita 45 hivi, akauze kwenye duka la ndugu yetu. Mjini hakuna aliyejali nani Mnyamulenge, nani Mbembe wa kabila jingine la Kongo. Sote wakimbizi tuliitwa Maburundi, na biashara za wenyeji zikidorora lawama ilikuwa yetu. Siku moja akaniambia: "Mdogo wangu, kambini nachukiwa kwa kabila, mjini nachukiwa kwa ukimbizi. Nipumzikie wapi?"

Aliporudi kambini, aliyemfungua mdomo alikuwa mama mmoja Mbembe, mshauri nasaha pale kambini. Alimsikiliza miezi mingi bila kumkatiza. Kaka alirudi shule, ingawa usingizi wake haujatengemaa hadi leo.

Kambi iliyokusudiwa watu 10,000 hivi, sasa ina zaidi ya 50,000, na mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi humo. Foleni za maji zimerefuka. Wazazi wenzangu wa Dzaleka, mtoto akiacha shule ghafla au akianza kujificha uso, kabla hamjamkimbiza kwa mchungaji, shehe au mganga, kaeni naye mumuulize: nani alikutukana, na alisemaje?