Mashine ya Hewa na Moshi wa Jikoni Kwetu

Mimi ni mzee wa kihambani, na kazi yangu ni migomba na kahawa kidogo. Mambo ya mashine si yangu. Lakini mwaka jana nilipaswa kujifunza habari za mashine ya kusafisha hewa, na niliyoyaona katika kujifunza huko yafaa niwaeleze na wenzangu.

Mwanangu wa kwanza anakaa Dar es Salaam na mkewe na mtoto wao wa miaka sita. Nyumba yao iko kando ya barabara ya vumbi, na jioni majirani huchoma takataka. Mtoto ana pumu. Nilipokwenda kuwatembelea, usiku wa kwanza sikupata usingizi, maana nilimsikia mjukuu wangu akivuta pumzi kwa shida, kifua kikilia kama filimbi. Dawa alikuwa akipewa, lakini daktari alikuwa amesema pia kwamba apunguziwe vumbi na moshi chumbani.

Kulipokucha mwanangu akaniambia, “Baba, nimeona mashine mbili dukani za kusafisha hewa. Twende tukazitazame.” Tukaenda, na mkwe wangu pamoja nasi. Moja iliuzwa shilingi 180,000, ya pili shilingi 420,000. Nami, kama mzee ye yote wa shamba, nikasema papo hapo, “Chukua hii ya bei nafuu. Si zote mbili zinapuliza upepo?” Mkwe wangu akanijibu kwa adabu, “Baba, naomba tusome kwanza maandishi ya kwenye maboksi.” Tukasoma, na hapo ndipo nilipoona ujinga wangu.

Ndani ya mashine hizo mna feni na chujio. Feni huivuta hewa ya chumbani na kuipitisha katika chujio lililokunjwakunjwa kama feni ya karatasi, na vumbi hubaki humo. Basi kazi yote ni ya chujio. Machujio bora huitwa HEPA, nayo yalianza Marekani katika miaka ya 1940, wakati wa vita, ili kuzuia vumbi la sumu la atomiki. Mashine ya bei kubwa iliandikwa H13, maana yake katika kila chembe 10,000 hushika 9,995, hata zile ndogo zilizo ngumu kushikwa. Ile ya bei nafuu iliandikwa tu “mfano wa HEPA”, bila hesabu yo yote. Nikamkumbuka mchuuzi aliyeniuzia zamani mbegu “mfano wa” zile za bwana shamba. Nilipanda debe zima, wala hazikuota.

Tena kuna ukubwa wa chumba. Chumba cha mtoto ni mita 4 kwa 3, na kwenda juu mita 2 na nusu, yaani mita za ujazo 30. Yafaa hewa yote ya chumba ipite katika chujio kama mara 5 kwa saa, nayo ni mita za ujazo 150. Mashine ndogo iliweza 90 tu. Ile kubwa iliweza 200.

Kisha tukakaa kupiga hesabu ya matumizi. Kila moja ilikula wati 40. Ikiwashwa saa 10 kila usiku, kwa mwaka ni uniti 146. Kwa shilingi 350 kila uniti, ni shilingi 51,100. Kwa umeme, basi, zililingana. Lakini chujio la ile ndogo sharti libadilishwe kila miezi 3 kwa shilingi 60,000, na la ile kubwa mara moja kwa mwaka kwa shilingi 110,000. Katika miaka 3, ukihesabu bei ya kununua, umeme na machujio, ile “rahisi” ingetumia shilingi 993,300, na ile “ghali” shilingi 793,300. Nikanyamaza kimya.

Tukanunua ile kubwa. Sitawadanganya kwamba pumu imekwisha. Dawa bado anatumia, na madirisha sharti yafungwe mashine inapofanya kazi, la sivyo ni kama kuchota maji kwa pakacha. Wala mashine hiyo haizuii hewa ya sumu itokayo katika jiko la mkaa. Mtu asilale na jiko hilo chumbani akidhani mashine itamwokoa. Lakini kabla sijaondoka, mjukuu wangu alilala usiku mzima, na mimi pia.

Nikarudi nyumbani nikiwa na mengi ya kusimulia. Nikakaa mlangoni pa jiko na kumweleza mke wangu habari za chujio, chembe na wati. Yeye alikuwa ameinama penye mafiga, akipuliza kuni mbichi, machozi yakimtoka, akikohoa. Aliposikia yote, akaniuliza, “Mzee, na hiyo mashine huku kwetu tutaiweka wapi?”

Sikuwa na jibu. Jiko letu lina mianya kila upande, na moshi wake ungeliziba chujio upesi sana. Lakini neno lililonichoma ni jingine. Kwa ajili ya mjukuu nilikosa usingizi usiku mmoja, na kikohozi cha mke wangu nimekisikia miaka mingi, nikakizoea kama mlio wa jogoo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani. Wengi wa wapikao katika moshi ni mama zetu, na watoto huwa mgongoni.

Basi nikapiga hesabu ileile kwa jiko letu. Nikafyatua matofali, nikakanda udongo, na fundi akanitengenezea bomba la bati la kutolea moshi juu ya paa. Vyote vilinigharimu shilingi 85,000. Matumizi yake ni kazi tu: kukwangua masizi ya bomba kila mwezi, na kuanika kuni juani mapema. Nikatoboa na dirisha. Jiko hili halichuji chembe 9,995 katika 10,000, na moshi kidogo bado upo. Lakini ulio mwingi hutoka nje kabla haujaingia kifuani mwa mtu.

Mke wangu bado anakohoa asubuhi, na tumeanza kwenda zahanati. Bomba nimelijenga kwa siku nne. Ningaliweza kulijenga miaka thelathini iliyopita.

Baba mwenzangu, jioni ya leo usingoje chakula barazani. Ingia jikoni, ukae humo mpaka ugali uive.