Zuu ya Entebbe, na chupa ya maji iliyorudi imejaa

Dada yangu alikubali siku ya tatu. Siku mbili za kwanza jibu lake lilikuwa moja tu: "Mtoto akizidiwa huko Entebbe utafanya nini?"

Ana watoto wawili, wa miaka saba na minne. Mkubwa ana selimundu. Mwaka jana shule yake ilipowapeleka wanafunzi kuona wanyama, yeye aliambiwa abaki nyumbani kwa usalama wake. Nilipokwenda Kampala kuwasalimia wakati wa likizo, ombi lake la kwanza lilikuwa hilo: "Mamdogo, nipeleke nikaone kifaru."

Tukawekeana masharti. Asubuhi ameze dawa zake kama kawaida. Kwenye mkoba niweke maji, sweta, dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari, na kadi ya kliniki. Mjini Entebbe kuna hospitali ya rufaa, nikaulizia njia kabla hatujaondoka.

Kutoka Kampala ni kama kilomita 40. Tulipanda basi dogo, wenyewe wanaliita teksi, mapema ili kukwepa foleni. Kituo cha Elimu ya Wanyamapori, ambacho wengi bado wanakiita Zuu ya Entebbe, kiko kando ya Ziwa Victoria. Kilianza mwaka 1952 kama makazi ya wanyama yatima na waliookolewa. Ni kikubwa, na miti yake inatoa kivuli kizuri.

Tulianza na kifaru, kabla miguu haijachoka. Uganda ilipoteza vifaru wake wote wa porini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya ujangili na vurugu za wakati ule. Mkubwa alimtazama kifaru mweupe akila majani, asiseme neno. Mdogo alivutiwa zaidi na yule korongo mwenye mdomo mpana kama kiatu, anayesimama muda mrefu bila kutikisika. "Amekufa amesimama?" akauliza. Tumbili nao wanazurura humo bila uzio. Mmoja alitupora ndizi, tukacheka mpaka wapita njia wakageuka.

Tulipofika kwa sokwe, wanaoishi kwenye kisiwa kilichozungushiwa maji kwa kuwa hawajui kuogelea, mkubwa aliketi chini akashika goti.

"Linauma?"

"Kidogo tu. Tusirudi nyumbani."

Nikaitoa chupa yake kwenye begi lake la mgongoni. Ilikuwa imejaa. Saa mbili nzima nilikuwa nikimwambia "kunywa maji," naye akiitikia "nimekunywa," na mimi nikaridhika na jibu. Mimi ninayeandika habari za afya kila wiki!

Nilimpeleka kwenye benchi la kivulini, nikamvika sweta maana upepo wa ziwa ulikuwa umeanza. Nikamuuliza kwa nini hanywi. Alinong'ona ili mdogo wake asisikie: akinywa anakwenda chooni mara nyingi, na darasani wanamcheka.

Kwenda haja ndogo mara kwa mara ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Figo za mtoto mwenye selimundu hushindwa kubakiza maji mwilini ipasavyo. Maji yakipungua, chembe nyekundu za damu hujikunja kwa urahisi zaidi na kuziba mishipa midogo, ndipo maumivu huanza. Kwa hiyo mtoto anayejizuia kunywa ili asichekwe anajiweka hatarini, na mzazi hajui.

Nilimwambia leo mimi ndiye nitakayekwenda naye chooni, hata mara kumi. Akanywa, nikampa dawa, tukapumzika karibu saa nzima tukiwatazama sokwe wakigombania matunda. Nilimpima joto kwa kipimajoto; hakuwa na homa. Angekuwa nayo, tungekwenda hospitali moja kwa moja, kwani homa kwa mtoto huyu si ya kusubiri kesho. Maumivu yalipotulia, tuliamua simba wangoje safari nyingine. Tukanawa mikono kwa sabuni, tukala, tukaondoka.

Mzazi mwenye mtoto kama huyu, usimfungie ndani. Panga siku fupi, anza na mnyama anayempenda zaidi, jua vyoo viko wapi tangu mnapoingia, na kila nusu saa itazame chupa kwa macho yako. Shuleni nako, zungumza na mwalimu ili mtoto aruhusiwe kutoka bila kuomba mbele ya wenzake.

Jioni dada alitupokea mlangoni, akamkagua mwanawe kuanzia macho hadi miguu. "Enhe, umeona nini?"

"Kifaru," alisema. "Na chooni nimekwenda mara sita."

Dada akanitazama. Nikamwambia tukae, nina jambo la kumweleza.